Kuvuka mpaka bila mzigo: siku moja ya chama, kutoka Busia hadi Mwamba wa Tororo

MWANAMKE anayeuza omena Busia amevuka mpaka wa Kenya na Uganda mara nyingi kuliko mtalii yeyote aliyeshuka Entebbe na kamera shingoni. Anajua saa ambayo foleni huwa fupi, anajua mbeba mizigo wa kuaminika na yule wa kuogopwa, na kabla hajanywa chai ameshajua shilingi ya Kenya imeamkaje leo mbele ya ile ya Uganda. Lakini muulize kama amewahi kupanda Mwamba wa Tororo. Atakuambia huuona kupitia dirisha la gari, gunia likiwa miguuni, akiwahi soko.

Desemba ikikaribia, vyama vingi vya akiba pande zote mbili huketi kugawana fedha. Hapo ndipo wazo la matembezi huzuka, na mara nyingi huzimwa dakika hiyo hiyo. Wa mitumba husema fedha ziongezwe kwenye robota. Wa nafaka husema siku moja bila kuuza ni mteja aliyehamia kwa jirani. Akitokea kijana wa kutaka kutembea, hutaka Mombasa au Kampala, mbali na ghali, na hesabu inapofika kwa mweka hazina safari inafia hapo.

Makala haya yanapendekeza safari nyingine, ya siku moja, isiyohitaji hoteli: kutoka Busia kupitia msitu wa Busitema, kupanda Mwamba wa Tororo, kuvuka tena Malaba na kumalizia kwenye michoro ya kale ya Kakapel. Ni duara. Unatoka nchi moja na kurudi kupitia mlango mwingine, na karibu kila hatua yake iko katika eneo ambalo msomaji wetu hulipita kwa kazi.

Watakaosema kwamba hakuna simba katika duara hilo wana haki. Kwa simba wa karibu, chama kingeelekea Kisumu, kwenye hifadhi ndogo ya swala iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria, maarufu kama Impala Park, ambako swala hutembea huru na wanyama wakali huwekwa nyuma ya uzio. Kwa wanachama wa upande wa Uganda hiyo nayo ni safari ya ng'ambo, na ni nzuri kwa watoto. Jambo moja tu: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) lina utaratibu wa kulipia kielektroniki, kwa hiyo anayefika langoni na noti mkononi anaweza kukwama. Mwanachama mwenye laini ya Kenya na alipe kwa niaba ya wote, mrudishieni baadaye.

Kuhusu bei za kuingia, kuna haki ambayo wengi wetu hatuidai. Katika orodha ya ada za Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA), raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana safu yao peke yao. Mkenya au Mtanzania hahesabiwi na Mzungu wa kulipa kwa dola. Ukifika langoni mwa hifadhi yoyote ya Jumuiya, toa kitambulisho kwanza, uliza bei ya raia wa Afrika Mashariki, halafu ndipo ufungue pochi. Kutaja bei kwa kuangalia sura au lafudhi ni mtindo wa sokoni, na wafanyabiashara mnaujua kuliko mtu yeyote.

Msitumie njia ya panya

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Utaratibu wake umeshazoeleka: anayetoka Kenya hupita moja kwa moja hadi upande wa Uganda, na huko maafisa wa nchi zote mbili hummaliza chini ya paa moja. Anayetoka Uganda hufanya hivyo upande wa Kenya. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mwanachama Mtanzania aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mtoto hana kitambulisho, hivyo mzazi aulizie hati yake siku kadhaa kabla, asingoje asubuhi ya safari.

Tuseme wazi jambo ambalo kila mtu wa Busia analijua. Wengi wetu huvuka kwa njia za panya, hasa mzigo ukiwa mdogo na jua likiwa kali. Kwa safari hii, usithubutu. Mtaingia Uganda kupitia Busia na kutoka kupitia Malaba. Mkifika Malaba bila kumbukumbu ya kuingia, hamna maelezo, na watu kumi na watatu wasio na maelezo ni kundi la kutiliwa shaka. Pangeni foleni kama wageni, andikishweni, tunzeni kila karatasi mtakayopewa.

Wale wanaozoea kuvuka na gunia wajiandae pia kuulizwa mzigo uko wapi. Jibu ni fupi: leo tunatembea.

Gari nalo lisivuke. Matatu ya Kenya ikiingia Uganda inahitaji karatasi za forodha na bima inayotambulika ng'ambo, ile kadi ya njano ya COMESA, na huo ni usumbufu na gharama ambayo chama hakina haja nayo. Vukeni kwa miguu, kodini taksi ya watu 14 upande wa Uganda, iwafikishe Malaba, mvuke tena kwa miguu, kisha mkodi matatu upande wa Kenya. Bei ikubaliwe jana yake, na ijumuishe mafuta, chakula cha dereva na saa za kungoja. Dereva ambaye hakuambiwa kuhusu kungoja atawakumbusha kila nusu saa.

Hesabu yenyewe haitishi. Wanachama 13 wakichanga shilingi 100 za Kenya kwa wiki kwa wiki 12, wanapata 15,600. Gharama kubwa iliyofichika ni mauzo ya siku hiyo, kwa hiyo chagueni siku ambayo soko lenu limelala.

Nyani wa Busitema

Barabara kuu ya Tororo kwenda Bugiri na Jinja imeukata msitu wa Busitema katikati, na kila aliyewahi kusafiri Kampala kwa basi la Malaba anawakumbuka nyani wake. Ni wale wenye manyoya ya rangi ya zeituni. Hukaa kandoni mwa lami kwa familia, majike na watoto migongoni, wakiyaangalia magari kama watu wanaosubiri jamaa. Na kweli wanasubiri. Basi likipunguza mwendo, madirisha hufunguliwa, ndizi na maganda ya mahindi huruka nje, abiria hucheka, simu hutolewa.

Hapa ndipo mwandishi anaomba ruhusa ya kuwa mkali kidogo. Kumrushia nyani chakula barabarani ni kumfundisha kwamba lami ni sahani. Mama yake akijifunza, mtoto naye anajifunza. Matokeo ni mizoga kandoni mwa barabara, na siku nyingine ni dereva anayekwepa mnyama na kuingia upande wa lori. Dume la nyani hufikia kilo 25 na zaidi na lina chonge ndefu. Akishazoea kwamba mkono wa binadamu una chakula, hangoji kupewa.

Kuna hasara nyingine, nayo inarudi hadi kwenye meza ya mfanyabiashara. Nyani aliyepoteza hofu ya watu haishii barabarani. Huingia mashambani. Mwenye shamba la mahindi au mihogo pembeni mwa msitu analazimika kulilinda mchana kutwa, na mara nyingi anayelinda ni mtoto ambaye angekuwa darasani. Mahindi hayo ndiyo tunayoyasubiri mpakani kwa gunia. Yule anayecheka dirishani anapunguza mzigo wake mwenyewe wa mwezi ujao, ingawa hawezi kuiona hesabu hiyo akiwa ndani ya basi.

Kwa hiyo chama kipite Busitema polepole, madirisha yakiwa yamefungwa au yameachwa nafasi ya vidole viwili, chakula kikiwa ndani ya mifuko. Watazameni vizuri. Kundi la nyani lina utawala wake: utaona nani anapishwa njia, nani anachambuliwa manyoya, mtoto yupi anadekezwa na yupi anapigwa kofi. Dakika kumi zinatosha, na dereva asisimame mahali penye kona.

Tororo, mguu kwa mguu

Mji wa Tororo hauhitaji kibao. Mwamba wake unaonekana ukiwa bado mbali, umesimama peke yake juu ya paa za mabati, kilele chake kikiwa mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Wanajiolojia wanausoma kama koo la volkano iliyokufa zamani sana: mlima uliokuwa umelizunguka ukaliwa na mvua na miaka, likabaki jiwe gumu la katikati. Chokaa ya eneo hilo hilo ndiyo iliyoleta viwanda vya saruji, na mfuko wa saruji ya Tororo hauna haja ya kutambulishwa kwa msomaji wa mpakani.

Kupanda kunahitaji saa ya asubuhi. Jua likishapanda, jiwe hupata moto na mteremko hauna kivuli cha kutosha. Vaeni viatu vya raba. Leso na kandambili ni za sokoni, hapa zitakuvunja mguu. Njia huanza kwa upole kati ya vichaka, kisha hufika mahali ambapo jiwe linasimama wima na mtu hupanda kwa ngazi. Apande mmoja mmoja, mikono miwili mitupu, simu ikiwa mfukoni. Chukueni mwongozaji wa hapo mjini, mkubaliane malipo kabla ya hatua ya kwanza. Fedha hiyo ndogo ndiyo humpa kijana wa Tororo sababu ya kutaka ngazi zile ziwe salama na njia isiwe jaa la chupa.

Si kila mwanachama atapanda, na asilazimishwe. Katika kila chama kuna mama mwenye magoti yaliyobeba magunia kwa miaka thelathini. Yeye akae chini kivulini, alinde mikoba, anywe soda, na asiitwe mvivu na vijana waliozaliwa jana. Nani asiyejua kwamba mikoba hiyo nayo ni kazi?

Walio juu watauona mji umepangwa kama bidhaa kwenye turubai: kiwanda, reli, barabara ya Malaba na malori yake. Tororo ni mahali ambapo reli ya kutoka Mombasa hugawanyika, moja ikienda Kampala na nyingine ikipanda Mbale na Soroti hadi Pakwach, ndiyo maana mji huu ulikuwa wa wasafiri kabla hata ya mabasi. Siku isiyo na ukungu, kaskazini kuna Mlima Elgon, wenye kilele cha mita 4,321, ambao Wagisu huuita Masaba. Ukigeuka mashariki unaitazama Kenya. Hadi mwaka 1902 usingeiita hivyo: mwaka huo ndipo Waingereza walipoliondoa jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana serikali mbili, na biashara waliyokuwa wakifanya na shangazi zao ikageuka kuwa biashara ya nje.

Chakula cha mchana ni Tororo. Hapo mtu aagize atapa, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo wa Wateso, au matoke kama hajachoka nayo. Waliobeba chakula kutoka nyumbani wakumbuke kitu kimoja kabla ya kuelekea Malaba: kavera. Tangu Agosti 28, 2017 mfuko wa plastiki wa kubebea ni marufuku Kenya, na sheria inataja faini ya shilingi milioni mbili hadi nne au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Mkate wa shilingi chache usije ukawa kesi. Tieni vyombo katika kikapu au mfuko wa kitambaa, na kavera mliyofungiwa maandazi iachwe palipo na pipa, isiachwe juu ya mwamba.

Najua pia kwamba mfanyabiashara hawezi kufika Tororo na kuondoka mikono mitupu. Atauliza bei ya njugu, ataonja, atabeba. Ni sawa, mradi kiwe kitu cha kubebeka na kitangazwe mpakani. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unahusu bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 zilizo kwenye orodha, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, na wengi wenu mnaujua kwa moyo. Msichokubali kabisa ni mzigo wa mtu mwingine. Kundi la akina mama wanaorudi matembezini, wakiimba, ni mahali pazuri pa kufichia kitu, na wenye nia mbaya wanalijua hilo. Kasuku wa kijivu, ambaye biashara ya kimataifa ya wale wa porini ilipigwa marufuku tangu Januari 2017, hutosha ndani ya kikapu. Magamba ya kakakuona hutosha ndani ya mfuko wa maharage. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha hadi maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, na mahakama haitauliza nani alikuomba umsaidie.

Kunde za Kakapel

Mkishavuka Malaba, matatu iwapeleke Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk. Hapo pana jiwe kubwa lenye uvungu, Kakapel, ambalo linatunzwa kama mnara wa taifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ukutani mwa jiwe hilo kuna michoro ya watu wa kale: maduara na mistari, na ng'ombe waliochorwa na watu waliokuja baadaye. Walio na ndugu Kumi, Uganda, watakumbuka maduara mekundu ya Nyero. Yote mawili yako katika nchi ya Wateso, ingawa michoro ni ya zamani kuliko kufika kwa Wateso.

Michoro ni mizuri, lakini kwa wauza nafaka kilicho bora zaidi kilikuwa ardhini. Wanaakiolojia walichimba chini ya uvungu huo na kukusanya mbegu zilizoungua katika meko ya watu waliopika hapo kwa vizazi vingi. Mwaka 2024 walichapisha majibu: kunde ya Kakapel ina umri wa takriban miaka 2,300, na ndiyo miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa mazao ya shambani uliopatikana Afrika Mashariki. Asili ya kunde ni upande wa magharibi mwa Afrika. Mtama na wimbi navyo vilikutwa, katika tabaka za baadaye.

Fikirini maana yake. Kabla ya forodha, kabla ya gunia la katani, mbegu ya kunde ilitoka mbali mkononi mwa mtu hadi mkononi mwa mwingine, ikapikwa umbali mfupi kutoka mahali ambapo leo mnabishania bei ya debe. Sijui kwa nini hadithi hii haijabandikwa kwenye ukuta wa kila soko la mpakani.

Jiwe hilo halina kinga zaidi ya adabu ya wageni wake. Msiliguse, kwa kuwa jasho la vidole hula rangi. Msilimwagie maji ili picha ing'ae. Na kijana atakayetoa kalamu au msumari ili aandike jina lake na la mchumba wake anyang'anywe hapo hapo na yeyote aliye karibu, bila kikao. Muulizeni mtunzaji maswali, lipeni ada, saini kitabu cha wageni na muandike kazi zenu: mitumba, omena, mayai, nafaka. Vituo kama hivi huombewa fedha kwa kuhesabu majina, na kurasa zikijaa wanafunzi peke yao, hakuna afisa atakayeamini kwamba watu wazima wa Busia na Malaba wanakihitaji.

Kutoka hapo matatu itawarudisha Busia kabla ya giza, na wanachama wa Uganda watavuka kwenda nyumbani. Mpaka wa Busia hufanya kazi saa 24, kwa hiyo hakuna wa kulala njiani.

Kinachobaki nje ya duara hili ni kinamasi cha Sio-Siteko, kusini kuelekea ziwani, ambacho nchi hizi mbili zinakimiliki pamoja. Hicho hakihitaji chama kukodi gari. Boda boda inatosha, na chombo hicho, wanavyosimulia wazee, jina lake lilizaliwa hapa hapa kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Nendeni Jumapili alasiri kumtazama korongo mwenye taji, ndege wa bendera ya Uganda, anayehesabiwa tangu mwaka 2012 kuwa hatarini kutoweka. Hutaga mayai yake katika vinamasi vya namna hii, na vinamasi vinalimwa hadi ukingoni pande zote mbili. Anayeuza mikeka ya mafunjo ana sababu yake ya ziada ya kwenda: awaulize wakataji ni umbali gani sasa wanatembea kuyapata.